Samaki Nyuma ya Mlango

Kiliani alikuwa ameshiba, na hiyo ndiyo ilikuwa taabu yake.

Ungemwona amekaa kwenye kigoda pamoja na wanaume wenzake, mabega yameinama, macho yameelekea motoni, ungesema kijana huyu ana njaa kama wengine. Siku nzima alikuwa anachuma kahawa. Lakini tumboni mwake mlikuwa na nusu nzima ya samaki, mbasa wa ziwani, aliyeokwa na kitunguu mpaka ngozi ikakauka, na juu yake kipande kinene cha mkate wa mahindi. Alikula sasa hivi tu, nyumbani kwake, haraka haraka, mlango umefungwa. Halafu akajipangusa mdomo akaja sengu.

Mtu wa huku Maguu, milimani, haelezwi sengu ni nini. Asiyejua na ajue: sengu ni pale kwa babu. Kengele ya misheni ikishalia jioni, kila mwanamke wa ukoo anabeba alichopika mpaka uwanjani kwa babu. Wanaume na watoto wa kiume wanakula pamoja nje, wanawake na mabinti wanakula jikoni kwa bibi. Hakuna cha huyu wala cha yule. Mwenye kunde analeta kunde, aliyekosa analeta mikono yake. Hapo hapo ndipo mnapopangana kesho nani akamlimie nani, na ndipo mnapogombana na kupatana. Anayekula kwake kwanza ndio aje hapo, huyo ni mwizi. Akiwa amefunga na mlango, watu wanamtafutia jina baya kuliko mwizi.

Bakuli la kunawia likaanza kuzunguka. Alinawa Babu Izidori kwanza, wakafuata wakubwa, akaja Wendelini, kaka yake Kiliani. Kiliani akachovya vidole upesi, akavitoa upesi, akampa bakuli binamu yake Raimundi.

Raimundi hakunawa. Alilishika tu lile bakuli, akaliinamia.

"Kaka," akasema, "maji yamefanya macho."

"Macho gani?"

"Ya mafuta. Ona."

Wakainama wawili watatu. Ni kweli. Juu ya maji yalikuwa yanaelea maduara madogo ya mafuta, yanang'aa kwa mwanga wa moto, yanakutana na kuachana.

"Lilete hapa," alisema Babu Izidori.

Mzee alikuwa mdogo wa mwili, mkavu, na akiwa na hasira sauti yake ilikuwa inashuka badala ya kupanda. Aliliweka bakuli mapajani. Akanusa.

"Leo tumeletewa nini?"

"Maharage, Babu," Raimundi akajibu.

"Yameungwa?"

"Hayajaungwa. Ni ya chumvi tu."

"Haya. Mwageni haya maji, leteni mengine." Kisha akausukuma ule ungo wa ugali mpaka mbele ya magoti ya Kiliani. "Kula, mjukuu wangu. Umechoka na kahawa."

Kiliani akamega. Tonge likawa kubwa kuliko alivyotaka. Akatafuna. Halikupita. Akalisukuma kwa nguvu, likashuka kama jiwe. Akamega la pili. Watu wote walikuwa wanakula na wote walikuwa wanamwangalia.

"Mbona unatafuna kama ng'ombe mgonjwa?" Wendelini akamuuliza. Mtu mmoja akacheka, akaacha.

"Meno yananiuma."

"Pole. Yote?"

Alikula mpaka jasho likamtoka, na baridi ile ya mwezi wa sita ilikuwa inakata masikio. Tadei, mwanawe wa miaka sita, alikuwa upande wa watoto, anakula maharage kwa adabu. Yeye naye alikuwa amekula samaki. Kiliani hakuthubutu kumtazama.

Walipomaliza, Babu Izidori alijisafisha meno kwa kijiti, akasema bila kumwangalia mtu, "Kiliani, kesho kengele ikilia, njoo na mkeo. Aje na lile bati lake."

Kumbe walikuwa wanajua. Wote.

Bati lenyewe lilikuwa tanuri. Otilia, mkewe, alikuja nalo kutoka Mbamba Bay alipoolewa, amelibeba kichwani na nguo zake ndani. Mjomba wake, fundi bati kule ziwani, alilikata kwenye debe la mafuta ya taa, akalichoma moto mpaka harufu ya mafuta ikaisha, akalitia mlango mdogo wa ndoana na wavu wa waya katikati. Makaa unaweka chini, na makaa mengine unaweka juu ya bati. Chakula kinaiva katikati, hakigeuzwi, hakisongwi.

Na hapo ndipo lilipomfaa Otilia. Kahawa ikishachumwa haingoji, lazima imenywe maganda siku ile ile, la sivyo inavunda na chama cha ushirika hakiitaki. Kwa hiyo jioni mwanamke anazungusha mashine ya kumenyea, mtoto analia njaa, na ugali unataka mikono miwili. Otilia alikuwa anatia samaki tanurini, au viazi, au unga wa mahindi uliokandwa na ndizi mbivu, anafunga ndoana, anarudi kwenye mashine. Debe moja la kahawa likimalizika, chakula kimeiva. Watoto wanakula wanatulia. Ndipo anasonga ugali wa kupeleka sengu.

Ila kule ziwani alikuwa anapikia nje, penye joto. Maguu upepo unatoka mlimani kama umetumwa, unapeperusha makaa, unalipoza bati, na mkate unabaki uji katikati. Basi akawa anaingiza tanuri ndani. Na anafunga mlango.

Kiliani alipofika nyumbani alimkuta anasuuza kahawa kwenye pipa, mikono myekundu kwa baridi. Akamweleza yote amesimama.

"Hukunawa?" Otilia akauliza.

"Nilijipangusa."

"Kujipangusa ndiyo kunawa? Mbasa huyo, Baba Tadei! Ana mafuta kuliko nguruwe. Nikakwambia chukua majivu."

"Nani alikuwa na muda wa majivu? Kengele ilishalia!"

"Na nani alikwambia ule? Nilipika cha watoto. Wewe ukaja umesimama mlangoni kama mbwa wa misheni, nionjeshe, nionjeshe. Ukaonja mpaka kichwa."

Kiliani akapiga teke kikapu, kahawa ikamwagika. Akainama kuiokota, maana ilikuwa ya kwake. Alikuwa hivyo tangu mdogo. Shule aliiacha darasa la tatu kwa sababu mwalimu alikuwa anaongea polepole.

"Watanifanya nini?" Otilia akauliza, na safari hii sauti yake ilikuwa ndogo.

Wote wawili walikuwa wanamjua Gertruda. Gertruda alikuwa mke wa Raimundi, mtu wa Tingi. Walimkuta ameficha chungu cha nyama uvunguni. Sengu ikakaa jioni moja tu, kesho yake akashushwa kwao na mkeka wake. Mtoto akabaki, kwa sababu mtoto ni wa ukoo. Sasa mtoto yule analelewa na Hedwiga, mke wa Wendelini, na akikutana na mama yake sokoni hamtambui.

"Watoto wangu siwaachi," Otilia akasema. "Nitateremka nao leo hii."

"Na Luisa mdogo utambeba wewe mpaka ziwani? Na mimi je?"

"Wewe una kahawa."

Hakuna tusi ambalo lingemuuma zaidi ya hilo.

Asubuhi Wendelini akamfuata shambani. Akamsaidia kuchuma mti mzima kimya kimya, mkono wake mwepesi, ndipo akasema, "Mdogo wangu, sikia. Jambo lako ni jepesi."

"Jepesi vipi?"

"Sema ni mwanamke. Kwani uongo? Tanuri ni la nani? Mlango alifunga nani? Wewe ulifika umechoka, ukapewa, ukala. Mwanamume akipewa chakula na mkewe atasema hapana? Hapo Babu hana neno na wewe."

"Na Otilia?"

"Atarudi kwenye samaki wake. Wanyasa hawakosi pa kwenda, wana ziwa." Akatupa kahawa kikapuni. "Usitazame hivyo. Nakuambia kwa sababu wewe ni damu yangu. Mwezi ujao tunakuja kukulazia majani kwenye ngolo zako, wanaume wote. Ukikosana na sengu, nani atakuja? Utalaza majani mlima mzima peke yako? Na kahawa utaibeba na nani?"

Kiliani aliutazama mlima. Ngolo ni mashimo, mamia ya mashimo, yamepangwa mlimani kama macho ya sega la nyuki ili mvua isishushe udongo. Mwanamume anakata majani na kuyalaza mistari mistari, mwanamke anafukia. Ni kazi ya watu kumi. Mtu mmoja akiianza, mvua inamkuta.

"Fikiri," Wendelini akasema, akaondoka. Na jambo baya ni kwamba Kiliani alifikiri. Mchana wote alifikiri. Alijaribu maneno yale mdomoni, *ni mwanamke, ni mwanamke*, akaona yanatoka bila shida yoyote.

Kengele ikalia.

Otilia alitangulia na tanuri kichwani, kitambaa safi, mgongo umenyooka. Luisa alikuwa mgongoni kwake. Kiliani akafuata akiwa amemshika Tadei mkono. Uwanjani watu walikuwa wameshakaa, na safari hii wanawake nao walitolewa jikoni, wakakaa upande wao.

"Shikamoo, Babu," Otilia akapiga goti.

"Marahaba. Liweke hapo." Mzee akalizunguka tanuri kwa macho. "Hedwiga, sema ulichokiona."

Hedwiga akasimama. Hakuwa mwanamke mbaya, ila njaa ya watoto wengi ilimfanya awe na pua kali. "Babu, mimi sina maneno mengi. Nyumba yangu na yake tunapakana. Kila jioni mlango unafungwa. Moshi unatoka kwenye paa, mtu hatoki. Harufu inakuja ya samaki. Samaki, Babu! Halafu anakuja hapa na maharage magumu kama risasi, anatuambia kahawa imemchelewesha. Mimi watoto wangu wananiuliza, mama, kwa mama mdogo Otilia kunanukia nini? Niwaambie nini?"

Wanawake wakaguna. Ilikuwa kweli yote. Otilia mwenyewe aliinamisha kichwa kwenye neno la maharage.

"Kwa nini unafunga mlango?" Babu akamuuliza.

"Upepo, Babu."

Kikatokea kicheko. "Upepo!" Wendelini akasema. "Sisi wote tunapikia wapi, baharini?"

"Sufuria haina shida na upepo, shemeji. Hili lina shida. Ni bati jembamba. Upepo ukilipiga halipiki."

"Pika," Babu akasema.

"Hapa nje?"

"Hapa nje. Tuone."

Otilia akamshusha Luisa akampa bibi. Unga alikuwa nao, umekandwa. Mtu wa kuhukumiwa haendi mikono mitupu. Akautia ndani, akafunga ndoana, akachota makaa motoni kwa kipande cha bati, akayaweka chini na juu. Akachuchumaa upande wa mlima ili mwili wake uzuie upepo. Watu wakangoja. Ugali wa sengu ulikuwa umeshaletwa, unapoa, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa.

Upepo ukaja. Haukuja taratibu. Ulishuka kutoka mlimani ukayazoa makaa yote ya juu, ukayarusha uwanjani kama nyuki wekundu, yakaruka juu ya vichwa vya watoto kuelekea kihenge cha mahindi cha Babu.

"Kihenge!" Hedwiga akapiga kelele.

Wanaume wakaruka. Raimundi akavua shati akapiga nalo nyasi za paa, Kiliani akapanda juu akazima cheche kwa viganja. Moto haukushika, lakini nyasi zilikuwa zimeungua na kuwa nyeusi sehemu tatu. Mahindi ya mwaka mzima yalikuwa mle.

"Anataka kutuua huyu!" sauti ya mwanamke ikasema. "Kwanza anatunyima, sasa anatuchoma!"

Alilifungua tanuri, akautoa mkate, akaupeleka kwa Babu kwa mikono miwili. Pembeni uliiva, katikati uji mtupu. Mzee akatia kidole, akakitazama, akakifuta kwenye goti.

"Mwanamke amesema kweli," akasema. "Upepo ndio uliofunga mlango. Sasa naomba kuambiwa jambo moja tu. Mdomo ulifunguliwa na nani?"

Wendelini alimtazama mdogo wake, akainua kidevu kidogo sana: *sema*.

Kiliani alikuwa bado amesimama karibu na kihenge, viganja vinamuuma kwa moto. Alimwona Otilia amesimama na ule mkate mbichi. Hakuwa anamwangalia yeye. Alikuwa anamwangalia Luisa kwenye mapaja ya bibi, anamwangalia kwa kuagana, kama mtu anayejaza kibuyu cha safari.

"Mimi," Kiliani akasema.

"Ulipewa?" Wendelini akadakia. "Babu anauliza kama ulipewa na mkeo."

"Sikupewa. Niliomba. Kilikuwa cha watoto, nikakiomba mpaka nikakipata. Si jana tu, tangu kahawa ianze. Nasikia njaa nikirudi, Babu, na hapa mnachelewa. Mnaongea kwanza, mnanawa kwanza, huyu hajafika, yule anakuja. Mimi siwezi. Basi."

Mtu mmoja upande wa wazee akasonya. Haikuwa namna ya kuomba msamaha, na Kiliani alijua, lakini hakuwa na namna nyingine.

Sauti ya Babu Izidori ilipotoka ilikuwa chini kabisa, ikabidi watu wainame.

"Watoto kulishwa mapema si kosa. Hilo la maharage magumu, Otilia, utaongea na bibi yako. Lakini wewe, Kiliani. Mimi nilikaa hapa na njaa nikamngoja baba yako mwaka ule wa nzige. Tulikuwa na viazi viwili. Nikangoja. Sengu si chakula, ni kungojana. Wewe huwezi kumngoja mtu. Sasa chagua mwenyewe. Tanuri lirudi ziwani na mwenye tanuri, wewe ubaki hapa ufundishwe kungoja. Au mke abaki, na wewe uondoke kwenye kigoda hiki mpaka mavuno mengine. Usile hapa, usiseme hapa, wala mtu wa hapa asishike majani kwenye ngolo zako."

"Babu—" Raimundi akaanza.

"Nyamaza. Wewe siku ile ya Gertruda ulichagua kigoda."

Uso wa Raimundi ukawa kitu cha kutotazamwa.

"Mke abaki," Kiliani akasema. Alisema upesi, kama alivyofanya kila kitu, kabla hajaufikiria ule mlima.

"Haya. Nendeni. Watoto waacheni wale. Watoto hawana kosa, na sengu ni yao. Kila jioni watakuja hapa."

Otilia akashtuka. "Kila jioni, Babu?"

"Kila jioni. Wataletwa wakishakula."

Ugali ukafunuliwa. Tadei alisimama katikati ya uwanja, hajui aende wapi, mpaka Raimundi akamvuta akamkalisha kwenye kigoda cha baba yake, kikamzidi upana. Kiliani akaliinua tanuri mwenyewe, likiwa bado la moto, akaliweka begani juu ya shati. Walipopita, Hedwiga akageuza uso. Wendelini hakugeuza, alimtazama mdogo wake kama mtu anayetazama mbuzi anayeteremkia korongoni.

Nyumbani Otilia akawasha makaa upya. Alifunga mlango, akasimama mbele yake, halafu akaufungua tena, akakaa kwenye kizingiti na kuutandaza upande wa kanga yake kuzuia upepo. Kiliani alikaa ndani. Mkate uliiva vibaya, wakaula hivyo hivyo, kila mtu na pande lake. Ulikuwa mwingi mno kwa watu wawili.

"Kesho majani utaanza kuyalaza wapi?" Otilia akauliza.

"Juu. Kule kwenye mawe."

"Nitakuja kufukia."

"Kahawa ataimenya nani?"

Kutoka kwa Babu zilikuja sauti za watu wengi wakiongea kwa pamoja, na moja ilikuwa kicheko cha mtoto, lakini kwa umbali ule huwezi kujua ni cha nani.

"Watawaleta, si ndiyo?"

"Babu amesema."

"Najua amesema."

Kiliani akatoka, akakaa kizingitini karibu naye. Giza lilikuwa linaingia kwenye njia. Goti lake lilikuwa linacheza, lile goti ambalo halijawahi kutulia, na Otilia akaliwekea mkono. Wakakaa wanaitazama njia.